SOMO: Kitundu mbele ya sikio la mtoto. Soma lote kabla hujauliza

Siku za chanjo hapa Kisumu hazipiti bila mama kunigeuzia kichwa cha mtoto na kuniuliza, "Sista, hiki kitundu ni cha nini?" Jioni nikiingia humu mtandaoni nakuta swali ni lile lile. Nimeamua kuliandika mara moja. Nikikujibu "hatua ya 3", rudi juu usome.

Nazungumzia kitundu kidogo sana mbele ya sikio, pale ukingo wake wa juu unapoungana na uso. Mtoto huzaliwa nacho. Mkunga hakumtoboa, na hakikutokana na ulichokula ukiwa mjamzito wala jicho la jirani. Sehemu kadhaa za Afrika na Asia kimeonekana kwa asilimia 4 hadi 10 ya watu; Ulaya na Marekani hawafiki asilimia 1. Kwa hiyo usimfiche mtoto kwa kofia.

Hatua ya 1. Kama ni kikavu na hakimsumbui, kiache. Wengi huzeeka nacho bila shida.

Hatua ya 2. Mwoge kama kawaida kwa maji na sabuni, ukaushe kwa kitambaa safi.

Hatua ya 3. Usikamue. Hapa ndipo watoto wengi wanapoharibiwa. Wakati mwingine hutoka ujiuji mweupe wenye harufu. Hiyo ni ngozi iliyokufa ikijisukuma nje, kwa sababu ndani ya kitundu kuna ngozi kama ya nje. Mama akiuona anashika kwa kucha mbili na kubinya. Shida ni kwamba unachokiona nje ni mlango tu. Ndani kuna kijia ambacho mara nyingi hupinda na kutoa matawi kama mizizi ya muhogo, na kimeshikana na gegedu, ule mfupa laini wa sikio. Ukibinya, kidogo kinatoka, kingine kinasukumwa ndani, kijia kinapasuka chini ya ngozi, na bakteria wanaokaa kwenye ngozi wanapata makao. Nimepokea mtoto ambaye nyumbani walikamua usiku, na asubuhi shavu limemvimba hadi jicho halifunguki. Kwa hiyo: usikamue, usiingize pini wala kijiti cha pamba, usimimine spiriti, usipake dawa ya meno, usizibe kwa mafuta mazito. Na yeyote asikipasue kwa wembe, hata kama ana koti jeupe na duka la dawa.

Hatua ya 4. Kikiwa chekundu, kikauma, kikavimba au kikatoa usaha, nenda hospitali siku hiyo. Njiani unaweza kumkanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kumpa paracetamol kulingana na uzito wake. Antibaiotiki ataandika daktari, nawe umalize dozi hata uvimbe ukiisha mapema. Kama jipu limekomaa, uliza kama usaha unaweza kuvutwa kwa sindano kabla ya kufikiria kupasua, maana kovu la kupasuliwa huvuruga kazi ya upasuaji baadaye. Nenda saa hiyo hiyo kama ana homa na hajatimiza miezi 3, kama uvimbe unakwenda jichoni, au kama nyuma ya sikio kumevimba na sikio limesukumwa mbele.

Hatua ya 5. Hakikisha amepimwa usikivu. Figo nitazieleza kwenye maswali, kwa sababu najua zitaulizwa.

Hatua ya 6. Upasuaji ni kwa kitundu kinachougua tena na tena. Hufanywa uvimbe ukishatulia kabisa, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Kijia chote kinatolewa, mara nyingi pamoja na kipande kidogo cha gegedu kilichoshikana nacho. Kikibaki kipande, kinarudi. Kwa hiyo tafuta daktari wa masikio, pua na koo. Wa huku wengi hupewa rufaa kwenda hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, ile ambayo bado tunaiita Russia, au hospitali ya Moi kule Eldoret. Sajili mtoto SHA, bima ya afya ya serikali, mapema, usingoje siku ya kulazwa.

MASWALI

Mama Baraka: Sijasoma yote niko kazini. Wangu kimetoa uchafu nikakamua vizuri nikapaka spiriti, sasa kimevimba. Nipake nini?

Mwandishi: Usipake kitu. Usikamue tena. Hatua ya 4, leo.

Jamaa wa Kondele: Sista unatisha watu. Nyanya yangu alikamua chake miaka yote na amefika themanini.

Mwandishi: Nafurahi nyanya ni mzima. Mimi ndiye ninayewapokea wale ambao hawakuwa na bahati yake, na ni watoto wachanga wasioweza kusema panauma. Siondoi neno.

Baba Neema: Si kishonwe tu mlango ufungwe?

Mwandishi: Ukifunga mlango, ngozi iliyokufa itaendelea kujaa ndani bila pa kutokea. Hilo ni jipu.

Mwalimu wa Bondo: Samahani sista, nina hamu ya kujua. Mimi ninacho upande mmoja, binti yangu anavyo pande zote mbili, mume wangu hana. Inakuwaje? Na hizo figo zinaingiaje?

Mwandishi: Asante mwalimu, swali zuri. Karibu wiki ya 6 ya mimba, sikio la nje huundwa na vinundu sita vinavyoungana. Visipoungana vizuri, kitundu kinabaki. Daktari Mjerumani, Heusinger, alikieleza tangu 1864. Mara nyingi huwa upande mmoja na hutokea tu bila ukoo. Kikiwa pande zote mbili, aghalabu kimerithiwa, na mzazi mmoja anatosha. Anaweza hata kubeba urithi huo bila kuwa na kitundu chochote.

Figo: kuna hali ya kurithi inayounganisha vitundu hivi, uziwi, vijitundu vya shingoni na kasoro za figo. Ni nadra. Kitundu peke yake, mtoto akiwa na afya njema, hakihitaji picha ya figo. Omba picha kama kuna uziwi katika ukoo, kama sikio lina umbo tofauti, au kama ana kijitundu kingine shingoni. Kwa binti yako, kapime usikivu kwanza. Je, upande wenu kuna aliyezaliwa kiziwi?

Mwalimu wa Bondo: Shangazi yangu mmoja, tangu utotoni.

Mwandishi: Basi mwambie daktari hilo waziwazi, uombe picha ya figo pia. Haiumi, ni kupitishiwa kifaa tumboni.

Mama Pacha: Wangu wanapenda kuogelea ziwani. Maji hayataingia sikioni kupitia hapo?

Mwandishi: Hayaingii. Kijia kina mwisho, hakifiki kwenye ngoma ya sikio. Ila wakati kina usaha, asiogelee.

Msusi Nakuru: Mimi ni msusi. Watoto wengine nawakuta navyo. Jeli ina madhara?

Mwandishi: Umefanya vyema kuuliza. Jeli na mafuta vikijaa pale huziba, kwa hiyo paka mbali na kitundu, ufute kwa kitambaa chenye maji ukimaliza. Nywele za mbele ya sikio usizivute sana. Na mama akitaka mtoto atobolewe hereni, ni kwenye ndewe chini. Ukiona kitundu ni chekundu, ahirisha hereni na umwambie ampeleke hospitali kwanza.