Ramani hai ya ISS kwa tovuti ya shirika la anga za juu: hatua kwa hatua

Swali la kwanza la wageni wengi wa tovuti ya anga za juu ni hili: chombo kiko wapi sasa hivi? Basi lijibu juu kabisa ya ukurasa, kwa ramani inayotembea. Historia ya shirika ishuke chini. Hapa tutatumia ISS, yaani Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachoruka kama kilomita 400 juu yetu.

Hatua ya 1: Data. Chukua TLE ya kituo kutoka CelesTrak, tovuti inayogawa data za mizunguko ya satelaiti. Ni mistari miwili yenye herufi na tarakimu 69 kila mmoja, inayoeleza mzunguko wake. Seva yako ndiyo iipakue, kila baada ya saa chache, kisha iwagawie wageni. Kivinjari cha kila mgeni kikienda kuichukua chenyewe, utawabebesha wenye data mzigo bure. Wala usitumie TLE ya wiki mbili nyuma. Hewa kidogo iliyopo huko juu hukipunguza kituo kasi, na mara kwa mara injini huwashwa kukipandisha, kwa hiyo hesabu ya zamani huachana na ukweli.

Hatua ya 2: Hesabu. Tumia satellite.js, maktaba ya JavaScript: `twoline2satrec` mara moja kuisoma TLE, halafu kila sekunde `propagate` kupata kituo kilipo, na `eciToGeodetic` kukiweka kwenye ramani. Latitudo na longitudo za `eciToGeodetic` hutoka kwa radiani, si nyuzi. Ukiona alama imeng'ang'ania karibu na Ghuba ya Guinea, pale ikweta inapokutana na longitudo 0, umesahau kuzibadilisha.

Saa ya simu ya mgeni usiiamini. Ikikosea dakika 1 tu, kituo kitaonekana zaidi ya kilomita 400 mbali na kilipo. Seva itume saa yake ya UTC (saa ya kimataifa) ukurasa unapofunguka. Tafuta tofauti ya saa hizo mbili, uijumlishe katika kila hesabu. Kama tovuti ina saa ya kuhesabu muda uliobaki kabla ya roketi kuruka, nayo isipunguze sekunde moja moja, kwa sababu vivinjari hupunguza kasi ya kichupo kisichotazamwa. Kila mara toa wakati wa sasa kwenye wakati wa kuruka, na uandae maandishi ya “imesitishwa”.

Hatua ya 3: Njia. Weka nukta kila dakika kwa dakika 93, yaani karibu mzunguko mmoja, kisha ziunganishe. Kituo kikivuka longitudo 180, mstari utakata ramani nzima kwa upana. Tofauti ya longitudo kati ya nukta mbili ikizidi 180, kata mstari hapo uanze mwingine.

Hatua ya 4: Mgeni ashiriki. Weka kitufe “Kitapita kwangu lini?” na uombe ruhusa ya kujua alipo baada tu ya kukibonyeza. Hapa wengi huteleza: kituo kuwa juu ya upeo hakutoshi. Kianze kuhesabiwa kikiwa nyuzi 10 au zaidi, kikiangazwa na jua, huku alipo mgeni kumeshaingia giza. Bila masharti hayo utawatoa watu nje saa sita mchana.

Hatua ya 5: Wepesi. Tufe la Dunia la pande tatu si lazima. Ukiliweka, picha ya pikseli 2048 kwa 1024 inatosha kwenye simu. Simamisha uchoraji likitoka kwenye skrini, na uheshimu mpangilio wa `prefers-reduced-motion`, wa mgeni asiyetaka vitu vinavyotembea kwenye skrini. Chini ya ramani andika, kwa mfano, “Kituo kiko juu ya Bahari ya Hindi”, kwa ajili ya wasioona. Sentensi hiyo ibadilike kila dakika. Ikibadilika kila sekunde, programu ya kusoma skrini haitanyamaza.