SOMO: Kuchora historia ya kilimo kwenye ukuta wa kijiji (soma lote kabla ya kuniuliza)

Tangu tumalize ukuta wa godauni la pamba kijijini kwetu, huku Magu mkoani Mwanza, kila wiki naulizwa "mkuu, mlitumia rangi gani?" Rangi ni hatua ya tano. Naandika mara moja, nisiulizwe tena.

1. Ruhusa. Mwenyekiti, mtendaji, na bodi ya chama cha msingi cha ushirika kama ghala ni lao. Iwe barua, si maneno.

2. Ukuta. Plasta mpya isubiri wiki 4. Ukiona unga mweupe, hiyo ni chumvi: sugua kwa brashi kavu, usioshe. Fanya kazi kiangazi, Juni hadi Agosti.

3. Hadithi. Usiende kwa wazee na karatasi ya maswali. Ukimwambia bibi "tueleze kilimo cha zamani" atakupa sentensi mbili na chai. Mwekee ungo wa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) mbele yake, utaondoka magharibi. Uliza kwa Kisukuma, rekodi kwa simu. Kwetu habari za pamba zote ziliishia kwenye mizani: wanunuzi walivyopunja kilo, wakulima wakaungana, hadi mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika, VFCU, chini ya Paul Bomani. Ndiyo maana katikati ya ukuta wetu kuna mizani, si ua la pamba.

4. Rasimu irudi kwa wazee. HAPA NILIHARIBU. Kwa haraka zangu nilichukua picha ya jembe intaneti, nikawachora mababu wa kabla ya ukoloni wakilima nalo. Rangi ikakauka. Mzee mmoja akaja na fimbo yake, akaangalia, akacheka: "Babu yangu alilinunua duka gani hili?" Nilikuwa nimechora jembe la kiwandani, lenye tundu la mpini. Yale ya zamani, waliyofua Barongo, wahunzi wa upande wa Geita, yalikuwa na mkia wa chuma uliochomekwa kwenye kichwa kinene cha mpini. Tulikwangua mita mbili, na plasta ikang'oka nayo. Kwa hiyo: chora kwanza kwa mkaa. Ita wazee watatu, kila mmoja kwa wakati wake, maana wakikaa pamoja wawili watamfuata mkubwa wao. Usiulize "ni nzuri?" Watasema nzuri, ni wastaarabu. Uliza "nimekosea wapi?" Na siku hiyo usifungue kopo la rangi hata kama wote wameridhika.

5. Rangi. Praima (rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta), kisha rangi ya maji ya nje.

6. Uzinduzi. Msimuliaji asimame mbele ya ukuta, watoto wakae chini.

MASWALI

Ngosha_Nyegezi: Mkuu, rangi gani nzuri? Na bei?
— Hatua ya 5. Bei iko dukani.

kijana_wa_Kisesa: Hilo la jembe si unakuza tu? Mtoto atajua tofauti?
— Hajui. Ndiyo maana tunachora.

Mwana_Ukara: Shikamoo. Sisi visiwani si watu wa pamba sana. Tuchore nini?
— Marahaba. Ninyi mna utajiri kuliko sisi! Huko kisiwani Ukara walilisha ng'ombe ndani, kwenye shimo, ili samadi isipotee. Wakapanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya uwele kurutubisha udongo, wakajenga matuta ya mawe. Anza na mzee aliyewahi kubeba samadi hiyo. Muulize ilibebwa na nani, kwa nini, saa ngapi. Ukikwama kwenye rasimu nitumie, nitaangalia bure.
— Mwana_Ukara: Bibi yangu aliibeba. Kumbe ni historia!

dada_Misungwi: Wale wachezaji ngoma mliochora ni wa chama cha Bagika au cha Bagalu?
— Wote wawili. Ukichora upande mmoja, wa pili hawaji kwenye uzinduzi. Hujawahi kuwaona wakishindana? Nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo, mwezi Juni.
— dada_Misungwi: Nitaenda. Ila ule ungo ukutani si michembe. Michembe hukatwa mbichi na kuanikwa, huwa myeupe. Umechora za kahawia: hizo ni matobolwa, zilizochemshwa kwanza.
— Bibi alisema michembe. Rangi nilichagua mimi. Kesho naenda kwake.