Somo: Jinsi ya kukaanga donati za kale zenye mipasuko

Donati ninayoifundisha leo si ile nyepesi inayoumuliwa kwa hamira na kubonyea kama sifongo. Ni donati ya kale, iliyo jirani ya keki: nje imepasukapasuka na kukauka kama gome la mti, ndani ni laini na nzito kidogo, na kila ufa umejaa shira iliyoganda. Wengi hudhani kwamba ugumu wake uko kwenye vipimo vya unga. Mimi nimezikaanga mara nyingi, zikiwemo mara kadhaa za kuaibika, na nimeona kuwa vipimo ndiyo sehemu iliyo rahisi kuliko zote. Kinachoziharibu ni joto, yaani donge ambalo halikupoa vya kutosha na mafuta yaliyopata moto kupita kiasi. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye kuchanganya, kisha nikae zaidi kwenye jokofu na kwenye sufuria.

Mahitaji

Vipimo hivi vinatoa donati 10 hivi pamoja na viduara vyake vya katikati. Andaa gramu 260 za unga mweupe wa ngano na gramu 40 za konflawa, vijiko vya chai 2 vya beking poda, kijiko cha chai 1 cha chumvi, nusu kijiko cha chai cha kungumanga iliyokunwa, gramu 120 za sukari, gramu 30 za siagi laini, viini 3 vya mayai, na gramu 180 za mtindi mzito. Mafuta ya kukaangia yawe yasiyo na harufu kali, kama ya alizeti, nayo yawe ya kutosha kufikia kina cha sentimita 6 katika sufuria zito. Kwa ajili ya shira utahitaji gramu 300 za sukari ya aisingi, mililita 65 hivi za maji ya moto, vanila kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole viwili.

Kila kimoja kina kazi yake. Konflawa haina gluteni, ile protini ya ngano inayolifanya donge livutike, hivyo inapunguza nguvu ya unga wa ngano na kuufanya mnofu wa donati umumunyuke badala ya kuvutika. Ukali wa mtindi nao husaidia ulaini, na mafuta yaliyo ndani ya viini hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana sitii ute wa yai, kwa kuwa ute hukausha. Beking poda ndiyo inayochukua nafasi ya hamira. Unga huo wa kuumulia ni wa karne ya 19: mkemia Mwingereza Alfred Bird alitengeneza wa kwake mwaka 1843, na tangu hapo mpishi wa nyumbani akaweza kupata kinyunya kilichoumuka bila kusubiri saa kadhaa. Beking poda nyingi za siku hizi hutoa sehemu ya gesi yake zinapolowana na sehemu iliyobaki zinapopata moto, na hiyo sehemu ya pili ndiyo itakayotupasulia donati.

Hatua ya 1: Kuchanganya

Chekecha pamoja unga, konflawa, beking poda, chumvi na kungumanga. Katika bakuli jingine, sugua sukari na siagi kwa mwiko mpaka zifanane na mchanga uliolowa, tia viini, kisha upige mpaka rangi ipauke na mchanganyiko uwe mzito. Ongeza mtindi, koroga, halafu tia unga kwa awamu tatu. Mara tu usipoona tena unga mkavu, acha. Usikande.

Donge litakuwa linanata, na hapo ndipo wengi hupotea njia. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliogopa unato ule, nikaongeza unga konzi baada ya konzi mpaka donge likaacha kushika vidole. Donati zilizotoka zilipendeza machoni, lakini aliyetia moja kinywani alitafuna kwa muda mrefu akiwa kimya, na kimya kile nilikielewa. Donge linalonata ni donge lililo sawa, kwani kazi ya kulikaza tunaiachia baridi.

Hatua ya 2: Kupoza

Likusanye donge, libonyeze liwe bapa lenye unene wa vidole viwili, lifunge kwa nailoni na uliweke kwenye jokofu. Saa 1 ndiyo kiwango cha chini, saa 3 ni bora, na ukiliacha mpaka kesho yake halitaharibika, ila usipitishe saa 24. Mambo mawili hutokea humo ndani. Siagi inaganda, hivyo donge linaweza kusukumwa bila kuongezewa unga mwingi. Na unga wenyewe unapata muda wa kunywa maji ya mtindi, hivyo ule unato wa mwanzo unapungua wenyewe. Kuna jambo la tatu ambalo halionekani mpaka wakati wa kukaanga: kipande chenye baridi huchelewa kupata moto katikati, kwa hiyo gesi ya ndani huanza kusukuma baada ya ngozi ya nje kushika kidogo. Ngozi hiyo changa inaposukumwa kutoka ndani, haina la kufanya ila kupasuka.

Hatua ya 3: Kusukuma na kukata

Nyunyiza unga kidogo kwenye kibao na juu ya donge, kisha usukume mpaka unene wa milimita 12. Usipunguze, maana donati nyembamba hukauka kabla ya kupasuka. Kata kwa kikatio chenye upana wa sentimita 7 hivi. Usipokuwa nacho, tumia glasi yenye ukingo mwembamba, na kitundu cha katikati ukitoboe kwa kifuniko cha chupa. Chovya ukingo kwenye unga kila mara, ubonyeze moja kwa moja hadi chini na kuinua bila kuzungusha, kwa sababu ukizungusha unabana kingo na donati itaumuka upande mmoja.

Kitundu si pambo. Hanson Gregory, baharia wa Marekani, alidai kwamba ni yeye aliyekibuni mwaka 1847 kwa sababu vinyunya vya kukaanga vya wakati wake vilikuwa vibichi katikati. Liwe lolote kuhusu dai lake, sababu aliyoitoa ni ya kweli: katikati ndiko moto unakochelewa kufika, na njia nyepesi ya kuondoa ubichi ni kuiondoa hiyo katikati yenyewe.

Ukimaliza kukata, pangusa unga uliobaki juu ya kila kipande kwa brashi kavu, kwa kuwa unga huo huanguka kwenye mafuta, ukaungua na kuyatia weusi. Rudisha vipande kwenye jokofu kwa dakika 15 wakati mafuta yanapata moto.

Hatua ya 4: Mafuta

Mafuta yasizidi nusu ya kina cha sufuria, kwani yatapanda donati zitakapoingia. Yapashe kwa moto wa wastani hadi nyuzi 165 za Selsiasi. Donati za hamira hukaangwa kwa joto la juu zaidi, karibu nyuzi 180 hadi 190, na wengi huleta mazoea hayo huku. Kwenye joto hilo ngozi ya donati ya kale hukauka na kukaza mapema mno, gesi ikakosa pa kutokea, na utapata kitu kisicho na ufa kwa nje, cheusi, chenye ubichi ndani. Ukishuka chini ya nyuzi 155, donati itakaa muda mrefu mno na kulowa mafuta. Nafasi ya kucheza ni ndogo, na ndiyo sababu nasisitiza kipimajoto.

Hatua ya 5: Kukaanga

Ingiza donati 3 tu kwa wakati mmoja, kila moja ukiitelezesha kutoka kwenye kijiko cha matundu badala ya kuiangusha. Sasa itazame moja. Itazama hadi chini na kukaa hapo kwa sekunde kadhaa kana kwamba imekataa. Kisha mapovu madogo yatauzunguka ukingo wake na itaibuka taratibu. Ikishaelea, hesabu sekunde 15 kisha uigeuze. Wakati huo bado haina rangi, na mkono utakuambia umewahi mno, lakini huo ndio wakati wake. Upande uliogeukia juu sasa una ngozi nyembamba iliyoshika nusu. Wakati upande wa chini unaendelea kuiva, utaona mstari mmoja ukifunguka juu, halafu mwingine ukikutana nao, mpaka uso mzima unachanua kama udongo wa shamba lililokauka, na ndani ya nyufa unaonekana unga wenye rangi ya siagi.

Iache hivyo kwa sekunde 75 hadi 90, mpaka chini iwe na rangi ya dhahabu iliyokolea, kisha uigeuze mara ya pili ili ule upande uliopasuka uive kwa sekunde 60 hadi 75. Toa, kung'uta juu ya sufuria, na uweke juu ya waya wa kupozea. Usikawie kuitoa na kuikung'uta, kwani sehemu kubwa ya mafuta haiingii donati ikiwa inachemka. Huingia baada ya kutolewa, mvuke wa ndani unapopoa na kuyavuta mafuta yaliyobaki usoni. Kabla ya kuingiza nyingine, subiri joto lirudi nyuzi 165.

Hatua ya 6: Shira

Koroga sukari ya aisingi, maji ya moto, vanila na chumvi mpaka shira itiririke kama uji mwepesi. Chovya upande wenye nyufa donati ikiwa bado na uvuguvugu, igeuze, na uiache kwenye waya kwa dakika 20. Ikiwa ya moto sana shira yote itachuruzika, na ikipoa kabisa itaganda juu bila kuingia kwenye nyufa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, sina kipimajoto. Je, niache kabisa?

Jibu: Usiache. Tumia vile viduara ulivyotoboa katikati kama wapelelezi. Ingiza kimoja: kikizama na kuibuka baada ya sekunde kama 10 hivi, mafuta yako karibu na joto tunalolitaka. Kikikaa chini muda mrefu bila mapovu, bado. Kikielea papo hapo na kupata rangi kabla hujahesabu 30, ondoa sufuria jikoni, ungoje dakika chache, halafu ujaribu kwa kingine. Ni njia ya kukadiria, nayo itakugharimu viduara vitatu au vinne.

Swali: Zangu zimeiva vizuri na ladha ninaipenda, ila uso ni laini kabisa, hakuna hata ufa mmoja. Nimekosea wapi?

Jibu: Ningeuliza kwanza kama uligeuza mapema. Ukisubiri upande wa kwanza upate rangi ndipo ugeuze, ule utakaogeukia juu unakuwa umeshakaza na hauwezi kufunguka tena. Kama uligeuza kwa wakati, basi donge lilikuwa limepata joto mikononi au mafuta yalikuwa ya moto mno. Jambo la mwisho ni beking poda iliyokaa muda mrefu: tia nusu kijiko cha chai kwenye maji ya moto, na isipotoa mapovu kwa nguvu, nunua nyingine.

Swali: Zilimeguka ndani ya mafuta, nikabaki naokota vipande.

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Mara nyingi hiyo ni dalili ya mtindi mwepesi au sukari iliyozidi. Sukari nyingi hudhoofisha donge, na pia huifanya donati inyonye mafuta zaidi na kuungua haraka, kwa hiyo anayetaka utamu auongeze kwenye shira.

Swali: Mtindi ninaoupata ni mwepesi, unamiminika. Naweza kutumia maziwa yenye ndimu badala yake?

Jibu: Maziwa yenye ndimu yatakupa ukali bila uzito, na donge litakushinda kusukuma. Afadhali uumimine huo huo mtindi kwenye kitambaa safi kilichowekwa juu ya chujio, uuache kwenye jokofu kwa saa 3 au zaidi ili maji yashuke, kisha upime gramu 180 za kile kilichobaki juu.

Swali: Je, zinaweza kuokwa?

Jibu: Zinaweza kuokwa, na zitakuwa keki ndogo zenye tundu. Mipasuko hii ni zao la mafuta.

Swali: Nifanyeje mafuta yakishika moto? Swali hili linanitia hofu kuliko yote.

Jibu: Usimwage maji hata tone, kwa sababu maji hugeuka mvuke mara moja na kuurusha moto hadi darini. Zima jiko, funika sufuria kwa kifuniko cha chuma kinachoenea, na usiisogeze wala kuifunua mpaka ipoe kabisa. Ukishindwa kuufunika, toa watu nje na uite zimamoto. Mimi huweka kifuniko hicho kando ya jiko kabla sijawasha, na mafuta yakianza tu kutoa moshi, nazima, kwani moshi hutangulia moto.

Swali: Zinakaa siku ngapi, na mafuta je?

Jibu: Ni za siku hiyo hiyo. Kesho yake nyufa huwa zimelegea na shira imeanza kutoa maji, hasa ukizifungia kwenye chombo. Ukitaka akiba, gandisha vipande vibichi vilivyokatwa, vikiwa vimetenganishwa kwa karatasi, kisha vihamishie kwenye jokofu usiku wa kuamkia siku ya kukaanga. Mafuta yachuje kwa kitambaa yakishapoa na uyaweke gizani; unaweza kuyarudia mara moja au mbili, ila yakianza kutoa povu lisilotulia au harufu ya kuchacha, yatupe, na usiyamwage kwenye sinki.