Jinsi ya Kuonja Mvinyo wa Beaujolais na Kuuchagulia Chakula

Beaujolais ni mvinyo mwekundu wa vilima vilivyo kaskazini ya Lyon, nchini Ufaransa, na hutengenezwa kwa zabibu za Gamay. Wengi wanaoudharau wameunywa ukiwa na joto la chumbani, hali inayotanguliza makali ya pombe na kufifisha ladha ya matunda. Kwa hiyo iweke chupa kwenye jokofu kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo kabla ya kuifungua, ili mvinyo ufikie nyuzi 13 hivi za Selsiasi.

Mimina theluthi ya glasi, uizungushe taratibu, kisha unuse kabla ya kunywa. Utakutana na cheri na rasiberi, na katika Beaujolais Nouveau, ambao huanza kuuzwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, mara nyingi utanusa pia ndizi mbivu. Harufu hiyo hutokana na namna ya utengenezaji: vishada vizima hutiwa ndani ya tangi lililojaa hewa ya kaboni dayoksaidi, nazo zabibu huanza kuchachuka kwa ndani kabla ya kupondwa, hivyo maganda hutoa rangi na harufu lakini hayatoi tanini nyingi, yaani kile kinacholeta ukakasi mdomoni. Sasa piga funda na ulizungushe mdomoni kwa sekunde chache. Uchachu utakujaza mate pembeni mwa ulimi, ilhali ukakasi kwenye fizi utausikia kwa mbali tu, na hapo ndipo pa kuanzia unapochagua chakula.

Uchachu hukata mafuta, na uhaba wa tanini huufanya mvinyo huu usigombane na chumvi. Ndiyo maana watu wa Lyon huunywa pamoja na soseji kavu, nyama ya nguruwe na maini ya kuku, nami sioni mwenzi bora wake kuliko kuku wa kuokwa ambaye ngozi yake imekauka na kuwa na chumvi ya kutosha. Hata samaki aina ya salmoni hukubaliana nao, ingawa mivinyo yenye tanini nyingi ikikutana na mafuta ya samaki mara nyingi huacha ladha ya chuma. Vitindamlo epuka kabisa, kwa sababu sukari huufanya mvinyo uonekane mkali kama siki.

Chupa bora hutoka katika maeneo 10 ambayo kila moja huweka jina lake kwenye lebo, mara nyingi bila neno Beaujolais kuonekana waziwazi. Fleurie hunukia maua na yafaa kwa jibini laini la mbuzi. Morgon, hasa ule wa mteremko wa Côte du Py, una mwili mzito zaidi na hustahimili bata au uyoga uliokaangwa kwa siagi, na Moulin-à-Vent wa mwaka mzuri waweza kuhifadhiwa kwa miaka 10. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, eneo lililo kaskazini ya Beaujolais, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe katika himaya yake; laiti angeuonja Morgon uliotokana na udongo wa mawe ya itale wa huku kusini, pengine asingeharakisha hivyo.

Mvinyo ukibaki, rudishia kizibo na uiweke chupa jokofuni, kisha uumalize ndani ya siku mbili au tatu.