Somo: Kijarida cha karatasi moja juu ya manamba wa mkonge

Ukitafuta habari za mkonge wa Tanga utakutana na Richard Hindorf, Mjerumani aliyeuleta, na miche yake 62 iliyopona mwaka 1893, kisha takwimu za mauzo ya nje, kisha utaifishaji wa 1967. Waliokata huo mkonge, vibarua walioitwa manamba, wanapewa aya moja, wakibahatika. Waha wa Kigoma, Wabena wa Njombe, Warundi, Wamakonde wa Msumbiji: wengi walikuja kwa mikataba, na kuanzia 1944 kupitia SILABU, chombo cha wenye mashamba cha kutafutia vibarua. Waliobaki ni wazee sana. Kitabu kitachelewa, kijarida cha kurasa nane, karatasi moja iliyokunjwa, unakimaliza wiki hii.

Andaa karatasi za A4, mkasi, gundi, kalamu nyeusi na hela ya fotokopi.

1. Chagua kitu kimoja. Kurasa nane hazibebi "historia ya manamba". Chukua kipande, ile kadi ya kuhesabia kazi: ukimaliza ngwe yako, yaani kazi uliyopimiwa siku hiyo, unatiwa alama, na mshahara hauji mpaka zitimie kazi 30. Ukiugua, au ngwe ikikushinda, siku hiyo haihesabiki. Hicho peke yake kinajaza kijarida. Au chukua korona, mashine ya kuchakata majani, na kelele zake.

2. Msikilize mzee. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Ukiuliza "maisha yalikuwaje?" utajibiwa "magumu", basi. Uliza mlikuwa mnaamka saa ngapi, nani alitia alama kwenye kadi, mwiba ukikuchoma jichoni unapelekwa wapi. Akisema "nyapara", andika nyapara. Usimpambie kwa "msimamizi".

3. Kunja. Kunja A4 katikati mara tatu, kila mara upande mrefu, upate vyumba nane. Ifungue, uikunje tena mara moja tu kwa upana, halafu kata kuanzia upande uliokunjwa, ukifuata alama ya mkunjo wa kati, hadi katikati ya karatasi ikiwa bado imekunjwa, usipitilize. Fungua, kunja kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane; tundu litafunguka na kurasa zitajipanga. Sasa andika namba kwa penseli, 1 hadi 8, *ndipo* uifungue tena uanze kubandika. Utaona nusu ya kurasa zimepinduka kichwa chini. Ndivyo inavyotakiwa.

4. Toa kopi. Acha sentimita moja pembeni, mashine hula kingo. Picha za zamani zipunguziwe giza kwanza, la sivyo nyuso zote zitatoka kama makaa. Kwenye picha ya kipande, ziba namba na jina.

5. Kirudishe. Kopi ya kwanza ni ya mzee, asomewe mbele ya wajukuu na arekebishe. Nyingine peleka shuleni na maktaba ya mkoa. Ukurasa wa 8 uwe na mwaka, mahali, na aliyerekodi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Babu hataki jina lake litokee.*
Marahaba. Basi lisitokee. Andika "mkata mkonge wa zamani, Muheza", ila muulize kama hata Muheza itajwe.

*Hatuna picha wala kipande. Tufanyeje?*
Mpe mzee kijiti achore kambi chini mchangani: nyumba za mabachela, bomba la maji, duka, nyumba ya bwana shamba. Wewe nakili kwenye karatasi. Mimi naona ramani ya namna hiyo ina habari nyingi kuliko picha ya kupozi.

*Bibi anachanganya Kiha na Kiswahili. Nisafishe?*
Hapana dada. Acha alivyosema, tafsiri iwe chini kwa herufi ndogo.

*Mzee mmoja anasema walichukuliwa kwa nguvu, mwingine anasema alijiandikisha mwenyewe. Niamini yupi?*
Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu, na sehemu nyingi za Kigoma fedha hiyo haikupatikana karibu; mmoja anakuita huko kulazimishwa, mwenzake anakuita kutafuta maisha. Weka mmoja ukurasa wa 4, mwingine wa 5, watazamane. Maoni yako yasiingie hapo kati.