Somo: Kujitoa kwenye Fuliza na kuweka sawa akaunti ya mwanafunzi baada ya kumaliza chuo

Somo hili nimeliandaa nikiwa mweka hazina wa chama chetu hapa Kisumu, kwa ajili ya wanachama waliomaliza masomo Maseno, Bondo, Kakamega na kwingineko katika miaka hii ya karibuni. Wengi wamenijia mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, wakitaja deni lile lile la Fuliza, yaani mkopo wa M-PESA unaojazia pesa zinapopungua na kujikata wenyewe pesa zikiingia, nami nimeona ni heri tulizungumze wazi.

Ulipokuwa chuoni, deni la Fuliza halikukulemea kwa sababu pesa zako ziliingia kwa msimu. HELB, yaani mkopo wa serikali kwa wanafunzi, ilipotumwa mwanzoni mwa muhula, au mzazi alipouza mahindi, deni lilikatwa lote kwa mara moja na bado ukabaki na kitu cha kutumia. Ukishamaliza chuo, misimu hiyo hukatika. Pesa huanza kuingia kidogo kidogo, mia mbili ya kibarua leo, mia tatu ya nauli kesho, na kila inayoingia kwenye M-PESA humezwa kabla hujaigusa, kisha kiwango ulichokilipa kinafunguka tena na jioni unakopa upya ili ule. Fuliza ilianza Januari 2019, na jina lake linasema jambo la kweli, kwa maana kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma.

Hatua ya kwanza ni kujua deni lako kamili. Piga *234#, uangalie Fuliza unadaiwa kiasi gani leo, ukiandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Usikisie, kwa kuwa wengi hutaja kiasi walichokopa na kusahau ada iliyojumlishwa juu yake.

Hatua ya pili ni kuielewa ada yenyewe, na hapa naomba usome polepole. Kila unapokopa unatozwa asilimia 1, kisha inafuata ada ya kila siku kulingana na ukubwa wa deni. Kwa viwango vilivyoanza Oktoba 2022, deni la shilingi 101 hadi 500 hutozwa shilingi 3 kwa siku, la 501 hadi 1,000 hutozwa 6, la 1,001 hadi 1,500 hutozwa 18, la 1,501 hadi 2,500 hutozwa 20, na lililozidi hapo hutozwa 25. Deni lisilozidi shilingi 1,000 pia hupewa siku tatu za mwanzo bila ada hiyo. Tazama pengo lililopo kwenye 1,000: ukilivuka kwa shilingi moja tu, ada inaruka kutoka 6 hadi 18. Anayedaiwa 600 kwa siku 30 atalipa ada ya siku 27, yaani shilingi 162, ilhali anayedaiwa 1,200 kwa muda huo huo hatalipa chini ya 540, ingawa deni lake ni mara mbili tu ya lile la kwanza.

Kwa hiyo hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kiini cha somo zima, ni kulishusha deni chini ya shilingi 1,000 kabla ya kufikiria jambo jingine lolote. Ukipata shilingi 500 za kibarua cha Jumapili pale soko la Kibuye na deni lako ni 1,400, pesa hizo zikikatwa usizikope tena jioni hiyo. Kula kwa mama au kwa ndugu siku mbili hizo, na useme kwa nini, kwa sababu ni siku chache zenye faida kubwa.

Hatua ya nne ni kuipa pesa ya lazima njia nyingine. Mwajiri akikubali, akulipe kupitia akaunti ya benki, halafu wewe mwenyewe uamue ni kiasi gani kitahamia M-PESA kupunguza deni. Sisemi ulikwepe deni. Ninachosema ni kwamba nauli ya kwenda kwenye usaili Nakuru isipotee njiani, maana ukikosa kazi hiyo deni litakaa zaidi.

Akaunti ya mwanafunzi nayo ina mambo yake, ila si mengi. Mara nyingi benki hupunguza au kuondoa ada ya mwezi kwa mwanafunzi, na muda huo ukiisha akaunti hubadilishwa kuwa ya kawaida na ada zikaanza. Yangu ilikaa bila pesa karibu mwaka mzima, nikaja kuikuta iko upande wa deni kwa ada nisizozijua. Nenda tawini na kitambulisho, uulize akaunti yako sasa ni ya aina gani, na kama huihitaji lipa kilichobaki, uifunge na uombe barua ya kuthibitisha.

Mwisho, deni likifika sufuri, rudi kwenye *234# ujiondoe kwenye Fuliza siku hiyo hiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mweka hazina, nadaiwa 2,700. Je, nikope kwenye programu nyingine ya simu nilipe yote?

Jibu: La, dada yangu, usihamishe deni kutoka simu hadi simu. Lakini tupige hesabu. Kwa 2,700 unatozwa shilingi 25 kwa siku, yaani 750 kwa mwezi. Chama chetu kikikukopesha kiasi hicho kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, utalipa riba ya shilingi 135. Leta ombi kwenye kikao, kwa sharti kwamba utajiondoa kwenye Fuliza siku utakayoilipa.

Swali: Kaka, nikiitupa laini hii na kununua nyingine?

Jibu: Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa hiyo deni litabaki kwa jina lako na unaweza kuorodheshwa CRB, yaani kwenye kampuni zinazoweka kumbukumbu za wakopaji. Taarifa mbaya huweza kukaa huko miaka mitano hata baada ya kulipa. Una haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka kutoka kwa kampuni hizo, Metropol, TransUnion au Creditinfo, basi iombe ujue umesimama wapi.

Swali: Nianze na HELB au Fuliza?

Jibu: HELB hukupa mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo kabla ya kuanza kulipa, na riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka. Katika mwaka huo maliza Fuliza kwanza. Mwaka ukipita mambo yanageuka, kwa sababu faini ya kutolipa HELB ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Usingoje ifike hapo. Nenda kwenye dawati lao pale Huduma Centre ukiwa na kitambulisho, ueleze hali yako ya kazi.

Swali: Mama alinitumia 800 nimnunulie dawa zake hapa mjini, zikakatwa zote. Zinaweza kurudishwa?

Jibu: Pole sana. Zikishakatwa zimelipa deni, hazirudi. Ningekuwa wewe ningempigia mama leo nimweleze, dawa hizi nizinunue kwa kiasi kilichofunguka, kisha pesa zijazo za dawa mama azilipe moja kwa moja kwenye nambari ya duka la dawa, wewe uende kuzichukua tu.