Jinsi ya kupima kijito kabla na baada ya kuvuna miti iliyouawa na wadudu

Kamati moja ya maji huku Lushoto iliniomba msaada: saiprasi za juu ya chanzo chao zimekaushwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, mvunaji anakaribia kuingia, nao wanataka kujua kijito kitakuwaje. Vidukari hawa waligunduliwa Malawi mwaka 1986, wakaenea hadi kwetu na Kenya, kwa hiyo swali si la kijiji kimoja. Jibu lake linapimwa, na kipimo kianze kabla msumeno haujalia.

Hatua ya 1: Daftari, rula na kipimamvua

Simika rula ya kina mahali ambapo kijito kimenyooka na kingo hazibomoki. Kipimamvua kiwe uwanjani, mbali na miti. Msomaji awe mmoja, saa ileile kila asubuhi.

Hatua ya 2: Pima mtiririko kwa chungwa

Napenda chungwa kuliko chupa tupu. Chungwa huzama karibu lote, upepo haulisukumi, na Muheza yamejaa. Pima mita 10, lidondoshe juu kidogo ya alama ya kwanza, hesabu sekunde, rudia mara kadhaa uchukue wastani. Maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kasi kwa 0.85. Mfano: upana mita 2, kina cha wastani mita 0.2, chungwa limetumia sekunde 25. Kasi ni 0.4, ukizidisha kwa 0.85 ni 0.34, zidisha kwa eneo la 0.4 (upana mara kina), unapata mita za ujazo 0.136, yaani lita 136 kwa sekunde.

Hatua ya 3: Tafuta kijito cha kulinganisha

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kwingine, na hapa sikubali njia ya mkato.

Mti uliokufa haunyonyi maji, na majani yakipukutika mvua nyingi zaidi hufika ardhini. Mtu atatarajia kijito kiongezeke. Lakini Colorado (Marekani) na British Columbia (Kanada), ambako mbawakawa wa gome waliua misonobari kwenye maeneo makubwa mno, matokeo yalitofautiana: kwingine maji yaliongezeka, kwingine hayakubadilika, kwa sababu vichaka na miche ya chini vilinyonya kilichobaki, na jua na upepo vikakausha ardhi iliyokuwa kivulini. Tena huko kuna theluji. Msichukue tarakimu zao mkazibandika Usambara.

Sasa fikiria mmepima mwaka wa masika haba, miti ikavunwa, mwaka wa pili masika yakawa makubwa. Kijito kimejaa. Ni uvunaji au ni mvua? Daftari la kijito kimoja haliwezi kujibu. Kwa hiyo tafuteni kidakio jirani, yaani eneo linalokusanya maji ya kijito kingine, chenye ukubwa, mteremko na udongo unaokaribiana, ambacho hakitavunwa, mkipime siku zilezile. Angalieni kisiwe na mfereji wa bustani unaochepusha maji juu ya rula. Huku kwetu mifereji ya mboga ni mingi, na mmoja ukifunguliwa usiku unaharibu usomaji wote wa asubuhi. Tembeeni kijito hadi juu, kwa miguu. Pimeni vyote viwili angalau masika, vuli na kiangazi kizima kabla ya uvunaji. Kinachotafutwa ni jinsi uhusiano wa vijito hivi viwili unavyobadilika.

Hatua ya 4: Tope

Jaza chupa angavu mvua ikinyesha, iache itulie, pima unene wa tope lililokaa chini. Uvunaji wenyewe ndio unaonitia hofu kuliko miti mikavu iliyosimama. Magogo yakiburutwa yanashindilia udongo, maji hayazami tena, yanafuata njia ya gogo hadi kijitoni yakiwa mekundu.

Hatua ya 5: Peleka daftari kwa mvunaji

Kabla hajaanza, kubalianeni njia za magogo zikate mteremko, zisiushuke, na ziwe na matuta ya kukinga maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa eneo la kulindwa. Mwombeni asiingize trekta humo kabisa, hata kwa gogo moja.